Kikomo kimoja hakitoshi kwenye kidhibiti cha USB

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wanaoendesha mashine pepe kwa QEMU (programu inayoigiza kompyuta nzima) kuhusu hitilafu ambayo wengi huitibu nusu. Dalili zake: kiini kimoja cha prosesa kinapanda hadi asilimia 100, mashine ya mgeni (mfumo unaoendeshwa ndani ya mashine pepe) inaganda, na hata virsh, amri ya kusimamia mashine hizo, haipati jibu, kwa sababu uzi (mfuatano wa utekelezaji ndani ya programu) uliokwama umeshikilia kufuli kuu la programu.

Chanzo ni xHCI, yaani kidhibiti cha USB 3 cha kuigiza. Mgeni huandika kazi zake kwenye kumbukumbu katika vipande vya baiti 16 viitwavyo TRB. Kipande cha aina ya 6 hakibebi kazi, kinaelekeza tu anwani ya kuendelea kusoma. Mgeni mkorofi akielekeza A kwa B, na B kwa A, funksheni ya xhci_ring_fetch itazunguka humo bila kutoka.

Tiba ya 2016 (CVE-2016-8576, namba ya utambulisho wa udhaifu wa usalama) ilikuwa kaunta: viungo, yaani vile vipande vya aina ya 6, vikizidi kikomo cha TRB_LINK_LIMIT, funksheni inaacha kusoma na kurudi. Kikomo kilianza na 4, kikawabana wageni halali wa macOS, kikapandishwa hadi 32. Anayechagua namba kama hii aipime kwa mifumo halisi, si kwa kubahatisha.

Lakini kaunta hiyo huhesabu viungo tu. Funksheni jirani, xhci_ring_chain_length, iliendelea kufuata TRB za kawaida zenye biti ya mnyororo (alama kwamba kazi inaendelea kwenye kipande kinachofuata) hata kupita mwisho wa RAM, maana haikuangalia kama dma_memory_read, funksheni ya kusoma kumbukumbu ya mgeni, imefaulu. Shimo hilo (CVE-2020-14394) lilizibwa 2022 kwa mambo mawili: kuangalia jibu la usomaji, na kuweka ukomo wa mzunguko wenyewe. Kwa hiyo ukirekebisha kodi ya aina hii, pitia kila while (amri ya kurudia) ambayo sharti lake linatoka kwenye kumbukumbu ya mgeni. OHCI na EHCI, vidhibiti vya USB vya vizazi vya nyuma, nazo zimeugua ugonjwa huohuo. Na usiweke assert, yaani ukaguzi unaosimamisha programu sharti likivunjika. Hiyo inaua mashine nzima, na mkorofi atakuwa amepata alichotaka.

Seva isiyotumia USB haina haja ya kidhibiti hicho. Kwenye faili la mipangilio la libvirt (maktaba ya kusimamia mashine pepe) weka <controller type='usb' model='none'/>, kisha ondoa na ile tablet ya USB (kifaa cha kuigiza cha kusogeza kielekezi) ambayo virt-manager, programu ya dirisha ya kusimamia mashine pepe, hupenda kuiongeza, la sivyo libvirt itaukataa mpangilio huo.

Mhandisi wa programu,
Dar es Salaam