Barua ya wazi kwa Mstahiki Meya wa Moshi: miti mizee ya Shanty nayo iwe na fungu lake

Mstahiki Meya, salaam sana, na poleni na majukumu.

Mimi ni mkazi wa Shantytown, sina cheo na wala sijatumwa na chama chochote, nimeona tu niandike hapa ili na wengine wasome waongezee. Nataka kuongelea miti. Habari ya kupanda tunaisikia kila mwaka, ikifika Aprili mosi wote tunashika miche, na kila halmashauri inajua ina lengo la miti milioni 1.5 kwa mwaka, hilo ni jambo zuri na tunaliunga mkono kwa moyo wote. Ila ile ambayo tayari ipo, mikubwa, iliyozeeka, hiyo haina anayeiulizia mpaka siku tawi limeanguka au mtu anataka kupitisha ukuta.

Unaijua mitaa yetu. Lema Road na vinjia vyake, mijakaranda huku na huku, katikati kuna mikrismasi na migrivea, mingine shina lake watu wawili hawalizungushi mikono. Ikifika Oktoba lami yote zambarau, wageni wanasimama kupiga picha, na Januari ule joto la Moshi linapokolea ndo unajua thamani yake mana unatoka mjini unachemka, ukiingia Shanty tu unasikia hewa imebadilika. Chini ya kivuli hicho kuna kijiwe cha boda, kuna mama wa ndizi na maparachichi, kuna watoto wanangoja gari la shule. Ukitoa mti mmoja hapo umetoa na riziki za watu, na hicho kivuli mche wa leo hautakirudisha kabla hao watoto hawajawa watu wazima.

Sasa miti hii imezeeka na inaonyesha. Nenda taratibu kwa miguu uiangalie. Kuna mjakaranda mmoja karibu na kwetu ulishakatwa kichwa miaka ya nyuma, pale juu kilibaki kisiki kinene kama cha kukalia, ukipanda ngazi ukachungulia unakuta katikati pamebonyea, maji ya mvua yamekaa, mbao imekuwa nyeusi na ukichoma na kijiti kinazama bila nguvu. Pembeni ya hilo shimo yametoka machipukizi mengi yamenyooka juu yamejaa majani, mtu akipita chini anasema mti umependeza. Hapana jamani, hapo ndo pana hatari. Yale machipukizi yameshikia juujuu tu karibu na gome, hayakuanzia ndani ya mbao kama tawi la asili, yanarefuka haraka na kuwa mazito wakati chini yake panaoza, alafu masika inakuja na upepo wake, yanachanika. Tawi la hivyo liliwahi kumwangukia jirani kwenye ukuta, tushukuru Mungu hakuna mtu aliyekuwa anapita. Watu wakasema si mnaona, miti hii ni hatari, ikatwe. Na ukweli ni kwamba aliyeanzisha hatari ni yule aliyekata kichwa miaka ile.

Hili naomba nikueleweshe vizuri Mstahiki, na madiwani pia, mana nadhani kosa letu kubwa liko hapa. Mti haufanyi kama ngozi ya mtu, kidonda chake hakijazwi nyama mpya. Unachofanya ni kukizungushia ukuta kwa ndani ili uozo usisambae na kukifunika kwa mbao mpya pembeni, kidonda kidogo unaweza, kidonda cha upana wa sahani kwenye mti mzee hauwezi, uozo unashuka taratibu kwenye shina. Kupaka rangi au oili chafu juu yake hakusaidii kitu. Ndo mana wenye utaalamu hawakati kichwa, wanapunguza tawi moja moja, na kwa mti mzee hawaondoi zaidi ya robo ya majani kwa mwaka, afadhali hata chini ya hapo, kwa sababu majani ndo jiko lake. Na tawi kubwa lina namna yake ya kutolewa, unaanza kulichanja kwa chini, alafu unalikata kwa juu mbele kidogo ya hapo, linadondoka bila kuvua gome la shina, mwisho ndo unamalizia kile kipande kilichobaki, unakata nje kidogo ya ule uvimbe ambapo tawi limeungana na shina. Sio kubandua hadi kwenye shina wala kuacha kisiki kirefu. Ni mikato mitatu tu, kijana yeyote anayejua chensoo anafundishika.

Chini nako kuna shida ambayo haionekani. Wengi tunadhani mizizi imeenda chini sana, kumbe sehemu kubwa iko kwenye sentimita 60 za juu na inatambaa mbali kupita hata kivuli chenyewe. Kwahiyo mtu akija na mtaro wa bomba au fensi akakata upande mmoja wote, mti haufi siku hiyo, unakaa miaka kadhaa unakauka ncha, watu wanasema uzee. Pevingi nazo tunazipanga mpaka zinagusa shina, maji hayaingii na hewa haiingii. Kuna wanaorundika takataka kwenye mizizi na kuchoma, kuna mabango ya matangazo yamepigiliwa misumari, na uyoga ule mgumu unaotoka kama rafu chini ya shina baada ya mvua, watoto wanaupiga teke tu, wakati ile ni taarifa kwamba chini kunaoza na mti huo ukaguliwe mapema.

Sisemi mti usikatwe kabisa. Upo ambao umekwisha na umeinamia barabara, huo utolewe, tena haraka. Lakini upo pia wenye shimo ndani na bado uko imara, kwa sababu mbao hai inayopandisha maji iko upande wa nje chini ya gome, huo ukipunguzwa uzito juu unaishi miaka mingi. Kujua upi ni upi kunataka mtu aje aukague, augonge, aangalie mizizi, aangalie unavyoinama. Hauamuliwi kutoka kwenye dirisha la gari.

Inawezekana kama kuna nia, majirani zetu wa Nairobi mwaka 2020 walikuwa na mkuyu mkubwa kwenye barabara ya Waiyaki Way uliokuwa ung'olewe kupisha barabara ya juu, watu wakapiga kelele, mwishowe rais akaagiza uachwe na mkuyu ukabaki.

Na sisi wa Kilimanjaro hatukosi pa kujifunzia. Kwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani huko juu mlimani, wazee wetu wameishi na miti kama mruka, mringaringa na msesewe juu ya kahawa na migomba kwa vizazi na vizazi, kahawa ikikosa mwanga mzee anapanda anapunguza matawi, mti anauacha. Anajua upi ni wa mbao, upi ni wa dawa, upi gome lake linaingia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Kwanini tukishuka mjini tunakuwa watu wa kufyeka?

Ninachoomba ni kitu kimoja Mstahiki, kwenye bajeti ijayo miti mizee iwe na fungu lake la matunzo, lisichanganywe na la kupanda wala la usafi. Fungu hilo lianze na kuhesabu, kila mti mkubwa wa barabarani upewe namba, iandikwe aina yake, unene wa shina, hali yake na lini umekaguliwa. Wataalamu hawako mbali, hapa hapa Moshi tuna chuo cha viwanda vya misitu, FITI, na hapo Arusha kuna Olmotonyi wanafundisha misitu tangu 1937, vijana wa vyuo hivyo wakija kwa mafunzo ya vitendo kazi ya kuhesabu inakwenda. Alafu yeyote anayepewa kazi ya kupunguza matawi, awe mkandarasi awe nani, kwenye mkataba wake iandikwe wazi hakuna kukata kichwa, na kabla ya mtaro kuchimbwa karibu na mti mkubwa mtu wa miti aonyeshe upite wapi. Sheria ndogo zinawezekana, mbona za usafi tumezifuata mpaka mji wetu ukasifika nchi nzima kwa usafi?

Na upandaji uendelee ila tupande warithi sasa hivi, kwenye mapengo yaliyopo, tusingoje mizee ife yote kwa mkupuo mana mingi inalingana umri. Isiwe mijakaranda mitupu, ikija ugonjwa mmoja tunabaki mtaa mweupe. Penye nafasi mringaringa unafaa sana na maua yake meupe nyuki wanayapenda, chini ya nyaya za umeme tupande ya kimo kifupi ili baadae mtu asiwe na sababu ya kuja na msumeno.

Wakazi tuko tayari kushika upande wetu. Kung'oa misumari, kuondoa pevingi zilizobana shina, kumwagilia miche Januari na Februari, hayo tunaweza hata bila kulipwa. Tunachohitaji ni ruhusa ya maandishi na afisa mmoja wa mazingira wa kutuongoza ili tusije tukaharibu. Masika inaanza Machi, ukaguzi ukifanyika kabla ya hapo ile mibovu kabisa itajulikana na watoto wetu watapita chini kwa usalama. Ukisema uje uione mwenyewe, karibu asubuhi yoyote ya Jumamosi, tutatembea na wewe mti kwa mti.

Wako,
Mkazi wa Shantytown, Moshi