Armitage asisomwe kwa macho ya Ulaya peke yake

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mchoraji Michael Armitage ilinifurahisha, kwa kuwa si mara nyingi gazeti la Kiswahili hutenga ukurasa mzima kwa ajili ya rangi na brashi. Hata hivyo, ilipofika kwenye walioathiri kazi yake, iliwataja wachoraji wa kale wa Ulaya, Goya, Titian na Manet, ikaishia hapo, kana kwamba mtu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, mama yake akiwa Mkikuyu na baba yake Mwingereza, hakuwahi kuona picha hadi alipoingia chuo cha Slade mjini London.

Goya yumo, sikatai. Lakini Armitage mwenyewe, alipoonyesha kazi zake katika taasisi ya sanaa ya Royal Academy, London, mwaka 2021, alizitengea nafasi picha za wachoraji wa Afrika Mashariki waliomtangulia: Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Elimo Njau, Sane Wadu, Meek Gichugu na Asaph Ng'ethe Macua. Makala haikumtaja hata mmoja wao, ingawa aliyewahi kusimama mbele ya ng'ombe wa Katarikawe, wanaoonekana kama wametoka ndotoni, hatapata shida kumtambua jamaa yao katika picha za Armitage.

Kubwa zaidi ni lubugo, ambayo Armitage huichorea badala ya turubai, na ambayo mwandishi wenu aliigusa kwa sentensi moja. Hiyo ni nguo ya watu wa Buganda, nchini Uganda, itokanayo na gome la mti wa mutuba. Gome hubanduliwa, shina likafungwa majani ya mgomba ili lipone, kisha gome hilo hugongwa kwa nyundo za mbao hadi litanuke na kulainika, na hatimaye huanikwa juani. Huvaliwa katika kutawazwa kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, na ndiyo sanda ya wafu. Armitage aliikuta Nairobi katika soko la watalii, ikiuzwa kama vikeka vya mezani. Sanda, Mhariri, chini ya kikombe cha chai!

Nguo hiyo ina matundu, makunyanzi na mishono, wala haijifichi chini ya rangi. Armitage hupaka rangi ya mafuta, huikwangua, hupaka tena, na kila mara hulazimika kuamua iwapo tundu liangukie angani au kifuani mwa mtu. Ndiyo maana picha zake zilizotokana na mkutano wa upinzani aliouhudhuria Nairobi wakati wa uchaguzi wa 2017, zilizoonyeshwa Venice mwaka 2019, zina vidonda ambavyo brashi haikuvichora.

Naomba basi mumtume mwandishi wenu katika taasisi ya sanaa ya NCAI, ambayo Armitage aliianzisha Nairobi mwaka 2020, awahoji wachoraji waliomtangulia ambao wangali hai. Baada ya hapo avuke mpaka hadi Buganda, amuulize mgonga magome analipwa kiasi gani kwa kipande kimoja.

Msomaji wenu,
Nakuru