Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Viko Vitatu au Wako Watatu?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Afya House, Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili hapa Kisumu. Kila mwaka nawafundisha wanafunzi kwamba kitabu kinaanguka lakini kipofu anaanguka: chenye uhai, hata jina lake likianza kwa ki-, huchukua upatanisho wa A-WA. Nimelifundisha somo hilo miaka kumi na mitano bila kusita. Mwaka jana nilikwama, wala si darasani. Nilikuwa nimepigia kliniki moja simu kuulizia viinitete vyangu, yaani mayai yangu yaliyorutubishwa maabarani na kuanza kukua. Nikaanza, "Je, bado viko..." nikanyamaza. Nikaanza upya, "Je, bado wako..." Mhudumu akadhani laini imekatika.

Nilifikaje huko? Mirija yangu ya uzazi iliziba yote miwili kwa maambukizi ambayo hayakutibiwa mapema. Kwa miaka saba ya ndoa, katika chama chetu cha akina mama mtaani Migosi, ni mimi peke yangu ambaye jina lake kwenye simu za wenzake halikuanza na "Mama". Waliniandika "Mwalimu". Ilikuwa heshima, najua, lakini kuna heshima inayouma. Mume wangu, Mungu ambariki, alikubali kupimwa naye, jambo ambalo wanaume wengi wa huku hawataki hata kulisikia. Tukachukua mkopo wa SACCO, tukauza ng'ombe wawili, tukaanza IVF, yaani kutungisha mimba nje ya mwili, maabarani.

Sindano zile zinataka ubaridi wa kati ya nyuzi 2 na 8. Friji yetu ilikuwa imekufa, kwa hivyo nilizihifadhi kwenye friji ya soda dukani kwa wifi yangu kule Kondele, nyuma ya chupa za Fanta, nimezifunga gazeti ili watu wasiulize. Siku stima ilipopotea, wifi yangu alikataa kabisa kuifungua friji hiyo, na wateja wakaenda na kiu yao. Usiku wa safari ya Nairobi nilizitia kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu, nikaipakata njia nzima, Kericho, Nakuru, mpaka kukapambazuka.

Asubuhi ya kutolewa mayai, dripu ikiwa mkononi, nililetewa fomu ya kurasa kumi na moja, yote kwa Kiingereza cha mawakili. Nikatia sahihi kila palipowekwa alama. Nani angegoma saa hiyo, na ng'ombe wameshauzwa? Viinitete vinne vilikua vizuri. Kimoja kikapandikizwa, sasa ana miaka minne na hataki kuona omena. Vitatu vikagandishwa katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na kila mwaka tunalipia hifadhi.

Nakala ya fomu niliipata baada ya kuiomba mara tatu. Ukurasa wa tisa, katikati ya mambo ya kurudishiwa pesa, kuna sentensi inayosema kwamba viinitete vitakavyobaki vinaweza kutumika kwa mafunzo na utafiti. Utafiti gani, wapi, wa nani, hakuna. Ndipo nikapiga simu. "Mama, ulitia sahihi." Sikupata jibu jingine.

Mheshimiwa, huku kwetu utafiti si kitu kigeni. Watu wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kitabibu, wamezunguka vijiji vya Siaya na Kisumu miaka na miaka. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa huku, na mwaka 2019 watoto wa ukanda huu wakaanza kupewa. Hata tone la damu ya kidole hawalichukui kabla ya kuketi nawe, kukusomea fomu kwa Kidholuo ukitaka, kuita shahidi kama hujui kusoma, na kukuachia nakala. Mama mkwe wangu aliishia darasa la tatu, lakini anajua vizuri kwamba anaweza kujitoa katika utafiti siku yoyote na asinyimwe matibabu. Haki aliyopewa yeye kwa tone la damu, mimi mwenye digrii sikupewa kwa viinitete vitatu.

Siipingi sayansi. Bila Robert Edwards na wenzake, waliofanikisha kuzaliwa kwa Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF duniani, huko Uingereza mwaka 1978, binti yangu hangekuwepo. Najua pia kwamba mwaka 1998 James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alipata seli shina kutoka kwa viinitete vilivyobaki baada ya IVF, na wenyewe walikuwa wameridhia. Seli hizo zinaweza kugeuka karibu seli yoyote ya mwili, na zinajaribiwa kutibu kisukari, upofu na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Ila kuzitoa ni kukivunja kiinitete. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kwamba seli za ngozi ya panya zinaweza kurudishwa katika hali kama ya seli shina hizo, na mwaka uliofuata ikawezekana kwa seli za binadamu, kwa hivyo njia si moja tena.

Baba mkwe wangu ana Parkinson. Kikombe humpigapiga meno mpaka chai inamwagikia kifuani. Mume wangu anasema tuvitoe kwa utafiti. Mimi ni Mkatoliki, wa kanisa ambalo tangu waraka wa Vatikani wa 1987 limeikataa hata IVF yenyewe (na bado nahudhuria misa ya kwanza), na siwezi. Hatujaelewana. Lakini ubishi huo ni wetu, na ukurasa wa tisa haukuwa na ruhusa ya kutuamulia.

Katiba yetu, Kifungu cha 26, inasema uhai huanza mimba inapotungwa. Je, kilicho ndani ya tangi la kliniki ni mimba? Waingereza walilikabili swali la namna hii kupitia kamati ya Mary Warnock mwaka 1984, na sheria yao ya 1990 ikakataza kiinitete kukuzwa maabarani kupita siku 14. Kwetu, Mheshimiwa Millie Odhiambo, binti wa ziwa hili, alileta bungeni muswada wa kusimamia IVF mwaka 2014, ukarudi tena na tena. Watoto wa kwanza wa IVF nchini, waliozaliwa 2006, walifikisha umri wa kupiga kura kabla ya sheria kupatikana.

Lolote bunge litakalopitisha, kanuni zake zitapita mezani pako. Andika humo kwamba suala la utafiti liwe na karatasi yake yenyewe, isomwe kwa lugha ya mgonjwa siku kadhaa kabla ya sindano ya kwanza, na anayekataa asipoteze chochote. Andika viinitete vihifadhiwe muda gani, na nani aamue wenyewe wakiachana au mmoja akifa. Andika pia kwamba kliniki ikiulizwa viko wapi, ijibu kwa maandishi.

Malipo yetu ya hifadhi yanafika mwezi wa nane. Kabla sijalipa, nisaidie nijue kama bado viko vitatu, au wako watatu. La ngeli niachie mimi.

Wako mwananchi,
Mwalimu, Migosi, Kisumu.