Kamera ya kwenda nayo Wete

Unguja, Jumapili usiku

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Kipupwe kimeingia na watoto wanakohoa kidogo, lakini chuoni na shuleni wanakwenda.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Nilitaka kukujibu palepale, nikaona haya si ya kujibiwa kwa dakika mbili huku nakoroga uji. Ndiyo maana nakuandikia.

Fedha za upatu zimekufikia, likizo ya kwenda Wete kwa mama yako imekaribia, na umesimama baina ya kamera mbili: ile DSLR, yaani kamera kubwa ya kubadilisha lenzi, Nikon D7200 iliyokwishatumika, na lenzi yake ya kuvuta ya milimita 18-140, ambayo muuza duka anakuapia kuwa ndiyo ya wajuzi, na Canon IXUS 185, kijikamera kinachoingia kwenye pochi ya chenji. Umeniambia nikuchagulie kwa kuwa kupiga picha ndiyo kazi yangu. Nitakuchagulia, lakini nakwambia mapema kwamba sitachukua hata moja katika hizo mbili.

Katikati ya ujumbe ulisema jambo ukalipita haraka. Ulisema macho ya mama yanapungua, na kwamba mkeka anaousuka sasa huenda akaufanya wa mwisho. Somo, hapo ndipo nilipozima jiko nikakaa chini.

Unamkumbuka bibi yangu wa Makunduchi? Nina picha zake nne. Tatu nilizipiga kwa kamera kubwa, mwaka ule nilioanza kazi ya harusi. Kila nilipoitoa mkobani aliniambia nisubiri, akaingia ndani, akatoka na kanga mpya ambayo haijaona maji, akakaa wima kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, midomo ameibana. Picha zenyewe hazina kasoro, unaweza kuhesabu nyuzi za ile kanga. Lakini yule siye bibi. Yule ni mtu anayengojea kuitwa jina kwenye foleni ya vitambulisho.

Ya nne niliipiga kwa kamera ndogo ya kuazima, imekaa kiganjani kama kipande cha sabuni. Bibi alikuwa ukumbini, mguu mmoja ameunyoosha, anachana miyaa, yale majani ya kusukia mkeka, kwa ukucha wa kidole gumba huku akinisimulia ugomvi wa kisima cha zamani. Hata hakunyanyua macho. Uso ule ndio wake, na kile kicheko cha upande mmoja unachokijua kimo. Ila ukumbini mlikuwa na dirisha moja, na kamera ile ilibidi ikae wazi muda mrefu ili ishibe mwanga. Mikono yake imetoka kama moshi. Ukili, ule utepe anaousuka, unauona, vidole huvioni. Bibi amekufa na mimi nina picha tatu za mikono bila bibi, na moja ya bibi bila mikono. Sitaki likupate hilo.

Sasa nikueleze sababu yake, kwa mambo ya kwenu Pemba. Ndani ya kamera mna kibati kinachopokea mwanga, ndicho kilichoshika nafasi ya filamu. Mafundi wanakiita sensa. Mwanga ni jua na sensa ni jamvi la kuanikia karafuu. Jua ni lilelile, ila mwenye jamvi kubwa anaanika zaidi. Sensa ya ile IXUS ina upana wa milimita 6.2 kwa 4.6 hivi, ndogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho. Ya D7200 ni milimita 23.5 kwa 15.6. Ukizidisha utaona kubwa inaishinda ndogo karibu mara 13. Halafu zote mbili zinajisifu kwa megapikseli, yaani mamilioni ya vidoa vinavyounda picha, moja 20 na nyingine 24, kana kwamba zimekaribiana. Wewe mtoto wa Wete unajua anayemwaga pishi nyingi juu ya kipande cha jamvi kinachompata: karafuu zinalaliana na kuvunda. Picha nayo huvunda hivyo hivyo. Gizani inajaa vichembe vya rangi, ngozi ya mtu inaonekana kama imepakwa mchanga.

Kwa hiyo IXUS iache. Nje kwenye jua la saa nne itakupa picha nzuri, lakini kazi hiyo simu yako inaiweza.

Lakini hiyo kubwa anayokuuzia nayo ina lake, na muuza duka hatakwambia. Lenzi ina tundu la kupitishia mwanga, na tundu hilo huandikwa kwa herufi f na namba. Namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Ile 18-140 inaanzia f/3.5, na ukivuta mbali inafika f/5.6. Lenzi ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara nne ya hiyo f/3.5. Maana yake, pale ambapo lenzi ya muuza duka itataka kamera ikae wazi 1/15 ya sekunde, ya f/1.8 itatosheka na 1/60. Kwa 1/15 mkono unaosuka unapotea, kama ulivyopotea wa bibi. Kwa 1/60 mkono wa mtu mzima anayesuka taratibu unashikika, hata ule ukingo wa ukucha uliokwanguliwa na miyaa utauona. Ungelipa fedha zote zile, ukabeba mzigo ule, na ukumbini kwa mama bado ukarudi na moshi.

Na mzigo ni mzigo kweli. D7200 na betri yake ni gramu 765, lenzi ile ni 490. Pamoja ni kilo na robo, kama mfuko wa sukari na ziada, unaning'inia shingoni tangu bandarini hadi nyumbani. Siku ya kwanza utaibeba kwa fahari. Siku ya tatu utaiacha juu ya kabati, na siku hiyo ndiyo mama atakayokaa mlangoni na jirani wakacheka.

Nikiyasema haya usidhani naidharau DSLR. Ndiyo inayonilisha. Harusi zetu za wanawake hawataki mpiga picha mwanamume aingie, wananiita mimi, na kule siwezi kwenda na kitu kidogo. D7200 ina nafasi mbili za kadi, kila picha inaandikwa mara mbili. Kadi imewahi kunifia katikati ya singo, bibi harusi anaposingwa, na laiti si ile ya pili, bibi harusi yule asingekuwa na hata picha moja ya siku yake. Betri yake kwa kipimo cha kiwanda inatoa picha 1,110, naanza saa kumi jioni na usiku wa manane bado ipo. Na ile tundu ya kuchungulia, Somo, napenda kuliko yote. Mwanga unapita kwenye lenzi, unagonga kioo, unapanda hadi jichoni mwako. Unamwona mtu mwenyewe, humwoni kwenye skrini. Jua la utosini likipiga, skrini haionyeshi kitu, lakini tundu linaonyesha.

Tena ina kasi. Mwaka juzi nilikwenda kwenye mchezo wa ng'ombe huko kwenu na kijikamera cha ndugu yangu. Dume likamrukia kijana, nikabonyeza, kamera ikafikiri. Ilipomaliza kufikiri nilipata picha ya vumbi na mgongo wa mzee mmoja mwenye kofia. Ningekuwa na D7200, inayopiga picha 6 kwa sekunde, ningempata kijana yule angali hewani. Ungeniambia unataka kuingia kazini, ningekwambia kachukue hiyo D7200 kesho asubuhi, ila umwambie akubadilishie lenzi akupe ya milimita 35 ya f/1.8. Lenzi za kamera za Nikon zenye kioo mshikio wake ni uleule tangu mwaka 1959, na sasa kwa kuwa Nikon na Canon nguvu zao wamezihamishia kwenye kamera zisizo na kioo, za mtumba zimejaa na bei inazungumzika.

Lakini wewe huendi kazini, unakwenda kwa mama.

Basi chukua ya tatu. Kuna kamera ndogo ambazo ndani zimetiwa jamvi kubwa kuliko unavyodhani. Sony ndio walioanza kutikisa watu kwa RX100 mwaka 2012, gramu 240 pamoja na betri, na Canon wakafuata na PowerShot G7 X mwaka 2014, gramu 304. Sensa yake wanaiita ya inchi moja, ingawa ukiipima kwa rula haifiki. Ni milimita 13.2 kwa 8.8. Ni mara nne ya ile ya IXUS, na theluthi hivi ya D7200. Zote mbili zinaanzia f/1.8. Tofauti ni kwamba RX100 ya kwanza ukivuta mbali tundu linabanwa hadi f/4.9, na G7 X inabaki f/2.8. Kwa ajili hiyo nakwambia G7 X. Ukikuta RX100 ya toleo la tatu kwa bei ya kufanana, nayo sawa: inaishia f/2.8 hivyo hivyo, na ina kitundu cha kuchungulia kinachochomoza juu.

Tafuta iliyotumika. Na ukifika dukani usione haya kukawia. Iwashe na kuizima mara kumi, sikiliza lenzi inavyotoka na kurudi. Ikikwaruza, mchanga umeingia, iache hapohapo. Hizi lenzi za kutoka na kuingia mchanga wa pwani ndio kifo chake. Iwashe, kisha mulika tochi ya simu kwenye kioo cha lenzi ukitazama kwa upande. Ukiona kitu kama utando wa buibui, ni kuvu, na kuvu haitoki kwa kufuta. Piga ukuta mweupe, tundu likiwa f/8, uangalie kama kuna madoa. Kamera ndogo kama hii lenzi yake haitoki, doa la ndani utakuwa nalo maisha. Halafu nunua betri ya pili bila kujiuliza, maana kwa kipimo cha kiwanda G7 X inatoa picha 210 tu.

Nyumbani iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kwenye boti iwe ndani ya mfuko, usiitoe upepo wa chumvi ukipiga.

Sasa kuhusu mama. Siku mbili za mwanzo usipige kitu cha maana. Iache kamera juu ya mkeka, karibu na birika, aizoee kama anavyoizoea simu yako. Mwanga wa mlangoni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne ni mzuri mno, mlango wenu unatazama mashariki kama sikosei. Zima flashi, ukiiwasha itafuta ule mwanga wote na mama atafumba macho. Weka gurudumu kwenye Av, pale unapochagua tundu mwenyewe, tundu f/1.8, na ISO, ile namba ya kuongeza wepesi wa kamera kwa mwanga, usipitishe 1600. Usivute zumu. Ukitaka mikono, sogea wewe, kaa naye chini mguu kwa mguu. Ile kamera inafokasi hata ukiwa sentimita 5. Piga anapochana, piga anapotia maji vidoleni, piga pale mkono wa kushoto unapokaza na wa kulia unapopitisha. Piga nyingi, kadi haijai. Na ile rangi anayochemsha uani, ya zambarau, usiniache bila kuiona.

Mchezo wa ng'ombe ukiangukia siku zako, nitakuazima D7200 yangu, mradi urudi nayo kabla ya harusi za mfungo mosi. Pitia kwangu unaposhuka kutoka Dar, ulale usiku mmoja, nikuonyeshe vifungo vyote kwa mkono, kisha upande boti ya Pemba asubuhi. Ukirudi tutachagua picha moja ya mikono yake tuisafishe kubwa, sentimita 30 kwa 45, nina fundi mjini anayejua rangi.

Nisalimie mama sana. Mwambie ule mkeka asiumalize kabla hujafika.

Somo yako