Barua kwa mwanangu: volani inayotetemeka

Goma

Mwanangu,

Unasema gari likiwa mjini limetulia, ila ukivuka mpaka kuingia Gisenyi, Rwanda, na kushika lami ya kwenda Kigali, ukikaribia kilomita 80 kwa saa volani inaanza kutetemeka mikononi, na fundi amekwambia ufanye paralelizimu, yaani kunyoosha magurudumu yaelekee sawa. Usimlipe bado. Paralelizimu ikiharibika, gari huvuta upande mmoja na tairi huliwa ukingoni. Mtetemo unaokuja kwa mwendo fulani na kutulia ukipunguza ni wa ekilibraji, yaani usawa wa uzito wa gurudumu: tairi na janti yake (rimu inayobeba tairi) vina upande mzito.

Tuseme uzito huo ni gramu 30 tu, ukingoni mwa janti ya inchi 15. Kwa kilomita 40 kwa saa unavuta gurudumu kwa nguvu isiyofika ya kilo moja, nawe husikii kitu. Kwa 80 nguvu hiyo inakuwa mara nne, karibu kilo tatu, na inapiga kama mara 12 kila sekunde. Ndiyo sababu hapa Goma, ambako barabara zenyewe hazikuruhusu kukimbia, ubovu huu unajificha miezi mingi huku ukila tairi madoa madoa na kuchosha rotuli (viungo vya usukani), amortiseri (vizuia mishtuko) na rulema (beringi).

Ikitetemeka volani, anza na magurudumu ya mbele. Ukiusikia mtetemo kwenye kiti na sakafu, yaelekea ni ya nyuma. Ukitokea unapokanyaga breki tu, tazama diski. Gari likiyumbayumba hata kwa kilomita 30 kwa saa, inua kwa jeki uzungushe gurudumu kwa mkono: utaona janti iliyopinda au tairi iliyovimba. Makoro yetu, haya mawe ya volkano, yanapinda janti kwa urahisi, na janti iliyopinda haiponi kwa kuongezewa uzito, hata mashine ya ekilibraji ikionyesha sifuri.

Kabla ya kwenda kufanya ekilibraji, osha janti kwa ndani, upande usioonekana. Matope yaliyokauka huko yanatosha kuleta mtetemo wote huo, na mara nyingine kuosha tu kunamaliza kazi. Angalia pia kama kuna alama safi ya mraba au ya gundi: hapo palikuwa na plombi, kile kipande kidogo cha uzito wa kusawazisha, imeng'oka.

Nenda kwenye mashine, si kwa kwado, mziba tairi wa kando ya barabara. Yeye anaziba tundu vizuri, lakini uzito hapimi kwa macho. Simama karibu uone. Kwanza plombi zote za zamani zitolewe na mawe yaliyonasa kwenye meno ya tairi yachokolewe. Gurudumu lishikwe kwa koni katikati kabisa ya tundu la janti. Likikaa upande, vipimo vyote vinakuwa uongo. Kisha fundi anaingiza vipimo vitatu: umbali wa janti kutoka kwenye mashine, upana na kipenyo. Mashine inazungusha na kutoa gramu za ndani na za nje, kwa kawaida kwa hatua za 5. Janti ya chuma inapigiliwa plombi ya kung'ata ukingoni. Ya alumini inabandikwa ya gundi, na pale pafutwe mafuta na vumbi kwanza, la sivyo haifiki hata Sake, hapo jirani.

Fundi akimaliza, mwambie azungushe tena. Wengi wanaruka hatua hii, nayo ndiyo inayothibitisha kazi: isome 0 pande zote mbili. Mashine ikidai zaidi ya gramu 60 upande mmoja kwa gari dogo kama lako, usikubali msururu wa plombi. Atoe upepo, aizungushe tairi nusu duara juu ya janti, apime upya. Tairi mpya ikiwa na doa la njano, doa hilo ni sehemu nyepesi. Liwekwe penye valvu. Namba zikibadilika kila mzunguko, uliza kama ndani kuna dawa ya maji ya kuziba tundu. Inatembea, hakuna plombi itakayoishinda.

Fanya yote manne, si mawili ya mbele tu, maana ukija kuyabadilishana nafasi tatizo linarudi. Rudia kila tairi inapotolewa kwenye janti, hata kwa kiraka au kuwekewa shambaere (mpira wa ndani), na baada ya kugonga shimo kwa nguvu. Bila hayo, kila kilomita 10,000 inatosha.

Nati zikazwe kwa msalaba, si kwa kuzunguka duara. Toyota nyingi ndogo zinataka nguvu ya kukaza ya karibu niutoni-mita 103. Bomba refu kwenye ufunguo linavuka hapo bila wewe kujua. Ukishatembea kilomita 50, simama uzikaze tena, kisha uniandikie kama kwenye 80 bado inatetemeka. Ikitetemeka, hapo tutaanza kuzitazama rotuli.

Baba yako