Vituo vya sanaa Arusha vipewe ruzuku, si mikopo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na madiwani wetu wa Jiji la Arusha, na Serikali kwa jumla, kuhusu fedha za sanaa.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Jumamosi na siku za likizo najitolea katika kituo kidogo hapa Ngarenaro kinachofundisha watoto ngoma, uchoraji na maigizo bila malipo. Kimesajiliwa, kina kamati na kina daftari la mapato na matumizi. Watoto wenyewe ni wa mama lishe, wa bodaboda, wa vibarua wa sokoni. Mtoto wa Kimaasai, ambaye kwao huimba na kuruka bila ngoma, anajifunza kupiga lizombe ya Wangoni. Wa Kichaga anacheza sindimba ya Wamakonde. Masika ngozi za ngoma hulegea, basi huwa tunawasha moto wa maboksi uani na kuzipasha kabla ya mazoezi. Watoto huzizunguka wakizigonga kwa vidole kusikiliza kama sauti imerudi. Ningetamani kila diwani aje aone dakika hizo kumi tu.

Mwaka jana kodi ya ukumbi ilipanda hadi Sh250,000 kwa mwezi. Tukaenda kuomba msaada katika ofisi moja ya umma. Tulipokewa kwa heshima, tukaambiwa tulete andiko la biashara, tuoneshe dhamana, tueleze na marejesho yatatoka wapi. Kwa kweli yangetoka wapi? Siku tukianza kutoza ada, watoto wengi hawatarudi Jumamosi inayofuata, na watakaokosekana ni wale wale tuliowaanzishia kituo.

Siibezi mikopo. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa ulipozinduliwa upya Desemba 2022, nilifurahi kama wengine, kwa kuwa mwanamuziki anayetaka kurekodi au mtengeneza filamu anayehitaji kamera ana kitu cha kuuza baadaye. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, tena bila riba. Ni jambo jema, lakini nayo ni mikopo. Kikundi cha kufuga kuku kitauza kuku kirejeshe. Sisi tuna binti wa miaka 11 aliyekuwa akijificha nyuma ya wenzake akiulizwa jina, na leo anasimama mbele ya ukumbi mzima akiigiza hakimu. Huyo tumuuze kwa nani?

Serikali yenyewe inajua kulipia kitu kisichoingiza fedha. Tangu mwaka 2016, elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne haina ada, na shule hupelekewa ruzuku ya uendeshaji kwa kuhesabu vichwa vya wanafunzi. Hakuna anayemuuliza mwalimu mkuu atarejesha lini. Mimi nimefundisha madarasa ya watoto zaidi ya 80, najua ni wangapi waliopata kushika brashi ya rangi shuleni. Kazi hiyo vituo vya mitaani vinaifanya, na vinaifanya kwa michango ya kuungaunga.

Wapo wanaotuambia tutafute wafadhili wa nje. Tunatafuta. Lakini Sauti za Busara, tamasha linalojulikana dunia nzima, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi (DCMA), kule Zanzibar, kilikaribia kufungwa mwaka 2019 fedha za wafadhili zilipokauka. Kama hao wameyumba, kituo cha Ngarenaro kitasimama kwa nguvu gani?

Najua hofu ya madiwani ni vikundi hewa, na hofu hiyo ina sababu. Ndiyo maana naomba ruzuku itangazwe wazi hadi ngazi ya mtaa, itolewe kwa mkataba wa mwaka mmoja, nusu kwanza na nusu baada ya ofisa utamaduni wa Jiji kufika kituoni bila taarifa na kuhesabu watoto. Hesabu zibandikwe ofisi ya kata, kila mzazi azisome. Atakayeshindwa kuonesha risiti asipewe tena. Kwa kituo kama chetu, Sh3 milioni zingelipa ukumbi mwaka mzima.

Uwanja wetu mkongwe wa mpira hapa mjini unaitwa Sheikh Amri Abeid, jina la mshairi aliyetuandikia kanuni za kutunga mashairi mwaka 1954, kabla hajawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Sasa Arusha imepata mradi wa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, nami naufurahia kwa dhati. Wajukuu zangu hawazungumzi kingine. Ninachoomba ni kifungu kimoja cha sanaa katika bajeti ya Jiji inayoanza Julai 1, chenye neno ruzuku. Daftari letu la hesabu liko tayari, na diwani yeyote akitaka kulikagua atukute Jumamosi saa tatu asubuhi, ukumbini.

Mwalimu mstaafu,
Ngarenaro, Arusha