Mada ya Jumamosi: kilichosifiwa mno na kilichosahaulika

Habari zenu, wanakikundi. Jumamosi saa mbili usiku kila mmoja alete kazi mbili, vitabu au filamu: moja unayoona imesifiwa kupita kiasi, nyingine iliyonyimwa haki yake. Sharti, uwe umeifikisha mwisho.

Naanza mimi. Filamu ya Citizen Kane ya 1941 inasifiwa mno. Ufundi wa kamera naukubali kabisa, ila sikumhurumia mtu hata mmoja ndani yake, na kwangu hilo ni pungufu kubwa.

Ninayoitetea ni hadithi ya Herman Melville, Bartleby, ya 1853. Karani anayekataa kazi kwa upole, basi, lakini nimeisoma mara tatu na bado inanisumbua. Watu wanamjua Melville kwa kitabu chake Moby-Dick tu, nacho kilipotoka 1851 hakikuuzika vizuri. Alifariki 1891 akiwa karibu amesahaulika, wasomaji wakamrudia miaka ya 1920. Kwa hiyo msiogope kutetea kitu kisichotajwa na yeyote.

Tubishane kuhusu kazi, tusimshambulie anayeipenda. Na tafadhali, msitoboe miisho. Wasiopenda kuandika watume sauti.